Tangazo la Kweli, Tangazo la Uongo: Anayeishi Kibera au Kawangware Amsikilize Nani?



Mwisho wa Aprili 2024, katika usiku wa mvua kubwa, simu yangu ililia saa tisa kasorobo alfajiri. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyetoka hapa Mombasa kwenda Nairobi kutafuta riziki. Alikuwa amepanga chumba Silanga, kule bondeni Kibera, upande wa bwawa. "Mjomba, maji yashafika kiunoni," aliniambia, na simu ikakatika. Mimi huku pwani nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi, na mama yake sikuthubutu kumwamsha.

Alhamdulillahi, alitoka mzima. Majirani walibandua bati la ukuta wa nyuma wakamvuta nje. Lakini godoro, nguo, kitambulisho na cherehani aliyokuwa akishonea sare za shule vyote vilikwenda na maji.

Kilichonifanya niandike makala haya ni yale aliyonieleza baadaye, maji yalipokwisha kupungua. Jana yake mchana mzee wa kijiji alipita mlango kwa mlango akiwaambia wa safu ya chini wahame kwa muda. Mpwa wangu hakuhama. Alidhani ni hila ya mwenye ploti ya kuwatoa wapangaji ili apandishe kodi. Wiki mbili baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake: waliofurikiwa watapewa Sh10,000 na serikali, na anayetaka jina lake liandikwe atume Sh300 kwa namba fulani. Hizo alizituma pale pale.

Tangazo la kweli alilikataa, la uongo akaliamini. Na kijana huyu si mjinga. Amemaliza kidato cha nne, anajua hesabu zake, na hapumbaziki ovyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumweleza serikali ya pale anapoishi imepangwa vipi, tangazo la kweli hushuka kwa njia gani, na aende kwa nani kuuliza. Wengi wetu tuna watoto, wapwa na ndugu Kibera na Kawangware. Leo nataka tuyaeleze haya kwa utaratibu, ili ukimpigia simu mwanao uwe na la kumwambia zaidi ya "jihadhari."

Mahali penyewe

Kibera wengi huitaja kana kwamba ni mtaa mmoja. Wenyeji wake wanaijua kwa vijiji: Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga, Mashimoni, Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Soweto Mashariki, Soweto Magharibi na vinginevyo. Kila kijiji kina wazee wake na mambo yake. Kiserikali Kibera iko katika eneo bunge la Kibra, lenye wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra. Zile hesabu za milioni moja au mbili tunazozisikia kila mara hazikutokana na sensa.

Kwetu sisi watu wa pwani, Kibera si ugenini kabisa. Walioianzisha ni Wanubi, askari Waislamu wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, wakapewa makao pale mwanzoni mwa karne iliyopita. Hata jina lenyewe linatokana na neno lao la Kinubi lenye maana ya msitu. Walikaa kwa miongo mingi bila hati, mpaka Juni 2017 jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Anayejua kisa cha maskwota wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya kuzaliwa, kuoa na kuzikwa katika ardhi ambayo karatasi inasema si yako.

Kawangware nayo iko magharibi ya jiji, na mgeni huchanganyikiwa upesi. Wadi za Kawangware, Gatina na Kabiro ziko katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini. Ukivuka upande wa Riruta uko Dagoretti Kusini, ingawa wakazi wengi wa huko wakiulizwa watakuambia wanakaa Kawangware. Ukisema "Arubaini na Sita" au "Hamsini na Sita" unaeleweka mara moja, kwa kuwa ni namba za matatu. Lakini ofisi za serikali hazifuati namba za matatu. Kwa hivyo swali la kwanza la kumwuliza mwanao ni hili: unakaa wadi gani, na chifu wako ni wa lokesheni gani? Asiyejua hayo, siku ya msiba atapanga foleni kwenye ofisi isiyomhusu.

Serikali mbili

Tangu uchaguzi wa 2013, Katiba ya 2010 ilipotimizwa upande wa ugatuzi, mkazi wa Nairobi anaishi chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni serikali ya kitaifa. Ngazi zake zinashuka hivi: kamishna wa kaunti, naibu kamishna wa kaunti anayesimamia kaunti ndogo, msaidizi wake, kisha chifu wa lokesheni, naibu chifu, na chini kabisa mzee wa kijiji. Kibera mpaka leo watu husema "kwa DC", ingawa cheo cha mkuu wa wilaya kilikwisha kubadilishwa. Upande huu ndio wenye polisi, vitambulisho, na amri za dharura kama ile ya kuhama kandokando ya mito.

Ya pili ni serikali ya kaunti. Gavana yuko juu, halafu wasimamizi wa kaunti ndogo na wa wadi, na upande wa kutunga sheria kuna mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA. Hawa ndio wenye taka, mitaro, barabara za ndani, zahanati, masoko na shule za chekechea. Na hili wengi hawalijui: kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kuzima moto na kushughulikia majanga ni kazi ya kaunti.

Kati yao yuko mbunge na hazina ya maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, inayojenga madarasa na kutoa basari. Mbunge hazoi taka, na kumlilia yeye juu ya mtaro ulioziba ni kumbebesha mzigo wa mwengine, ijapokuwa wakati wa kura yeye mwenyewe huahidi kuuzibua.

Mzee wa kijiji ndiye anayedharauliwa zaidi, naye ndiye aliye karibu zaidi. Wakati wa mafuriko yale ya 2024 wazee hawa walikuwa wakifanya kazi bila mshahara wa serikali. Na hapo ndipo penye kidonda. Mtu anayefanya kazi ya serikali bila malipo atashukiwa kila akifungua mdomo, na baadhi yao wamejitia doa wenyewe kwa kutoza pesa za barua na sahihi. Mpwa wangu hakumkataa mzee yule kwa kiburi. Alikuwa ameshamwona mara mbili akichukua hela kwa mambo yasiyostahili kulipiwa. Siku aliyokuja na neno la kweli, akiba yake ya kuaminiwa ilikuwa imekwisha.

Tangazo la kweli hushuka vipi

Amri ya dharura hutoka juu ikashuka ngazi kwa ngazi, na hupita njia zaidi ya moja. Hutangazwa kwenye redio na televisheni, chifu huitisha baraza, wazee hupita milangoni, na misikiti na makanisa huombwa kuwatangazia waumini. Kibera wana bahati ya kuwa na redio yao ya jamii, Pamoja FM. Onyo la kweli kwa kawaida utalisikia kwa midomo miwili au mitatu isiyotegemeana. La uongo huja kwa njia moja tu, yaani ujumbe uliosambazwa mara nyingi, usio na jina la aliyeutoa wala tarehe.

Tarehe usiidharau. Kumbuka mambo ya shule katika mvua zile za 2024. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe 29 Aprili, ukasogezwa hadi 6 Mei, halafu ukaahirishwa tena bila siku kutajwa, na hatimaye watoto wakarudi 13 Mei. Matangazo yote hayo yalikuwa ya kweli, kila moja kwa siku yake. Aliyepokea la kwanza siku lilipotolewa la tatu alipoteza nauli. Kwa hivyo ujumbe usio na tarehe usiufuate kabla ya kuuliza.

Jambo jengine la kuangalia ni kile unachotakiwa kutoa. Onyo la kweli hukutaka uhame, uzime stima, umtoe mtoto nje. Linaweza kukusumbua, lakini halikuombi senti. Ujumbe unaotaka utume pesa ili upewe pesa, au utume namba ya siri na picha ya kitambulisho, ni wa mwizi, hata ukiwa na nembo ya serikali juu yake. Zile Sh10,000 kwa kila familia hazikuwa hadithi. Rais aliziahidi mbele ya watu Mathare mapema mwezi wa Mei. Matapeli walikuja na kipande cha kweli wakakifunga na uongo, na ndiyo maana walifaulu. Hakuna ada ya kuandikwa jina kwenye msaada wa serikali.

Dini yetu imetufunza jambo hili kabla ya simu kuwako. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Hilo linamhusu anayepokea ujumbe, na linamhusu pia anayeusambaza. Kila mtu katika kundi la simu aliyeusukuma mbele ule ujumbe wa Sh300 ana sehemu yake katika hasara ya mpwa wangu.

Maji

Mto Motoine unaingia bwawa la Nairobi kando ya Kibera, na ukitoka hapo huitwa Mto Ngong. Bwawa lenyewe lilijengwa mwaka wa 1953 na sasa limejaa matope, taka na magugu. Maji yakikosa pa kukaa bwawani hurudi kwa watu. Upande wa Kawangware kuna Mto Nairobi na vijito vyake, na mitaro iliyojaa mifuko ya plastiki.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini kote. Serikali iliamuru wanaokaa karibu na mito na mabwawa wahame, na Nairobi ilitumia kipimo cha mita 30 kutoka ukingo wa mto, kisha ikabomoa. Siku hizo hizo sisi huku pwani tulikuwa tukionywa juu ya kimbunga Hidaya, kilichofika nchi kavu kisiwani Mafia 4 Mei. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa kila siku, wa siku saba na wa msimu. Mvuvi wa Kipini hatoki baharini bila kuuliza upepo. Mwambie mwanao aliye bondeni Kibera kwamba naye yuko ufukweni, na masika yakikaribia asikilize utabiri kama mvuvi.

Na afanye haya mapema. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule aviweke katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, autundike juu, karibu na mlango. Sisi na Wanubi tunajua tulivyohangaishwa kupata vitambulisho, na kukipata kipya hakuna urahisi. Ajue nyumba ya rafiki iliyo mlimani atakayokwenda usiku. Asivuke maji yanayokwenda kasi hata yakiwa ya goti. Na maji yakiingia ndani, asiguse waya wala swichi akiwa amesimama ndani yake. Stima nyingi za huko ni zile wanazoziita sambaza, waya zilizovutwa bila fundi wa kampuni, na maji yaliyogusana na waya hizo huua kimya kimya.

Moto

Mwaka wa 2003 nilikuwa nikisomea diploma Nairobi na nilikaa Kawangware, chumba cha mabati, watu kumi na wawili kwa choo kimoja. Usiku mmoja ploti ya pili ilishika moto. Gari la zimamoto lilikuja, likakwama barabarani kwa sababu kichochoro hakipitishi hata mkokoteni. Tulichokuwa nacho ni ndoo, mchanga na mikono. Safu nzima iliteketea, na yetu ilisalia kwa sababu vijana walibomoa vyumba viwili vya katikati ili moto ukose njia.

Nilijifunza kwamba katika mitaa hii dakika kumi za kwanza ni za majirani. Kwa hivyo ploti iwe na mpango wake. Kila mpangaji ajue swichi kuu iko wapi na nani ana ufunguo wa lango. Madumu mawili ya maji na ndoo ya mchanga yawe uani siku zote. Moto wa mafuta ya taa usiumwagie maji, kwani utasambaa. Ufunike kwa mchanga au blanketi zito lililoroweshwa. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kiberiti. Fungua mlango, funga mtungi, toka nje. Wala msiruhusu mtu kujenga kibanda katika njia ya pekee ya kutokea, hata akiwa ndugu wa mwenye ploti.

Pia kuna hatari zinazojulikana ofisini lakini hazijulikani mtaani. Tarehe 12 Septemba 2011, bomba la mafuta lilivuja Mukuru wa Sinai, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka na watu wapatao 100 wakafa. Tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka usiku Embakasi na kuua watu na kuwaunguza mamia. Baadaye mamlaka ya kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imeyakataa maombi ya kibali cha kituo kile. Fikiri hapo, ndugu msomaji. Kulikuwa na barua ofisini inayosema mahali hapa hapafai, na watu waliolala ng'ambo ya ukuta hawakuiona. Kibera na Kawangware mitungi inajazwa kienyeji katika vibanda vingi. Jirani akiuliza kibali kiko wapi asiitwe mchochezi.

Tingatinga

Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Maelfu ya watu walibaki bila makao, na shule zilibomolewa wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Shughuli ya kuwahesabu waathirika na kupanga watakavyohamishwa ilikuwa haijafika mwisho.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ardhi, kama ilivyofanyiwa marekebisho 2016, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya watu kufurushwa. Ikiwa ardhi ni ya umma, notisi itoke katika Gazeti Rasmi la serikali, katika gazeti linalosomwa nchi nzima, na itangazwe redioni. Ikiwa ni ya mtu binafsi, notisi iwe ya maandishi. Wabomoaji wajitambulishe na waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo, wanyonge waangaliwe, na wakazi wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mabati na mbao zao. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuipinga.

Mahakama ya Juu nayo imesema. Katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Wilson waliobomolewa 2011, majaji waliamua Januari 2021 kwamba maskini waliojenga makazi katika ardhi ya umma hawapati hati kwa hilo, lakini wana haki ya makao inayolindwa na Kifungu cha 43 cha Katiba. Huu ni uamuzi wa kuukumbuka Nairobi, na wa kuukumbuka Kilifi, Kwale na Lamu vile vile.

Hapa niwe mkweli. Haki hii isigeuzwe kisingizio cha kukaa mtoni maji yakija. Amri ya kuhama usiku ili usife ni jambo moja, na kubomolewa moja kwa moja bila notisi wala pa kwenda ni jambo jengine. Tumezoea kuyachanganya, na serikali pia huyachanganya, ikitumia mafuriko kumaliza kazi iliyoshindwa kuifanya kwa utaratibu. Hama kwanza uokoe roho. Kisha rudi na majirani zako mdai haki yenu kwa maandishi, mkiwa hai.

Haki ya kuuliza

Kuna sheria nzuri ambayo haitumiwi: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia yeyote anaweza kuandikia ofisi ya umma kuomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe ndani ya saa 48. Asiyeweza kuandika aeleze kwa mdomo na afisa amwandikie. Wakikataa, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya mchunguzi wa malalamiko ya umma.

Barua haihitaji wakili. "Sisi wakazi wa safu hii tunaomba kujua: je, nyumba zetu zimo katika eneo lililopangwa kubomolewa? Ramani iko wapi? Tarehe ni lini?" Muweke sahihi watu kumi, mpige nakala, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Nakala yenye muhuri ndiyo silaha yenu.

Vile vile bajeti ya kaunti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Umma ni lazima ushirikishwe. Mtaro wa Gatina usiposemwa na watu wa Gatina wakati huo, utasemwa masika ukiwa umeshaziba na pesa zimeshakwenda kwingine.

Namba za kuhifadhi kwenye simu ni hizi: polisi na dharura ni 999 au 112; Msalaba Mwekundu ni 1199; dhuluma za kijinsia ni 1195; na mtoto aliye hatarini ni 116. Ukienda kituo cha polisi, ripoti yako iandikwe kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Hiyo hailipiwi. Malalamiko dhidi ya polisi wenyewe hupelekwa IPOA.

Sisi tulio mbali

Nasi huku tuna sehemu yetu. Ukipokea habari ya kutisha kutoka Nairobi usiisambaze kwanza. Mpigie mtu aliye pale. Weka namba za watu wawili zaidi ya mwanao: jirani yake, na imamu au mzee wa msikiti wa karibu. Usiku ule simu ya mpwa wangu ilipokatika sikuwa na namba nyengine hata moja. Nilikaa mpaka adhana ya alfajiri bila kujua kama nina mpwa au nina maiti. Hilo lilikuwa kosa langu, si la serikali.

Na wenye vyeo nao waelewe kwamba kuaminiwa hakununuliwi siku ya mafuriko. Kila mia mbili ya barua anayotozwa mkazi bila haki, kila baraza linaloitishwa kwa ajili ya siasa tu, na kila nyumba inayobomolewa bila notisi, vyote vinapunguza watu watakaofungua mlango siku mzee atakapobisha kwa jambo la kweli.

Mpwa wangu hakurudi Mombasa. Amehamia Kawangware, safu ya juu, na tulichanga sisi ndugu akapata cherehani nyengine, ya mkono wa pili. Mwezi uliopita alinipigia. Kulikuwa na ujumbe kwenye simu unaosema mtaa wao utabomolewa Jumatatu. Nikamwuliza kafanya nini. "Nimekwenda kwa chifu kuuliza, Mjomba," akasema. "Hajui lolote. Lakini tumemwandikia barua watu kumi na wanne, na muhuri ametugongea."

Jumatatu ilipita salama. Barua bado wanaingojea jibu, nami nimewaambia wazihesabu siku.